Jumamosi ya Kwanza ya Babu Klabuni

Harufu ya klabu ile ya wanajeshi wastaafu ilikupokea kabla hujafika mlangoni: bia iliyomwagika ikakaukia kwenye zulia mwaka baada ya mwaka, moshi wa sigara, vitunguu vinavyokaangwa jikoni nyuma ya kaunta, na juu ya yote hayo nta ya kung'arishia meza. Kwa mtoto wa Kiislamu wa Walthamstow, aliyefundishwa kuvuka barabara akiona baa, ilikuwa harufu ya mahali pasipomhusu. Lakini leo nikipita mbele ya baa yoyote jijini London na harufu kama ile ikanipiga puani, nashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa wake ameamka na ameomba uji. Wenzangu wa msikitini wakijua watanicheka, na wacheke tu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na Babu, baba yake baba yangu, alikuwa ameletwa kwetu kutoka Tabora baada ya Bibi kufariki. Tuliishi ghorofani, juu ya duka la mazulia, hatua chache kutoka kwenye lile soko refu la barabarani ambako Mama alinunua bamia na ndizi za kupika kwa bei iliyomuuma kila wiki. Baba alikuwa dereva wa basi, Mama alitunza wazee wa Kizungu kwenye nyumba yao ya kulelewa, na zamu zao zilipishana hata wakawa wanasalimiana kwenye ngazi. Mimi na kaka yangu tulikielewa Kiswahili vizuri, ila midomo yetu ilikuwa ya Kiingereza. Ukituuliza kwa Kiswahili tunakujibu kwa Kiingereza bila hata kujua tumefanya hivyo. Basi Babu alikaa mchana kutwa na televisheni asiyoielewa na wajukuu asioelewa majibu yao. Siku aliyofika alinitania kama babu yeyote anavyomtania mjukuu wake wa kike, akaniita mchumba na kuniuliza kama mahari yangu italipwa kwa ng'ombe au kwa paundi. Baridi ilipoingia, utani ukakatika. Mama alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo baba," naye akaitikia, "Marahaba." Neno lake la siku nzima likawa hilo.

Nilikuwa na miaka tisa na niliogopa kweli. Babu alikaa dirishani na kofia yake ya darizi, amejifunika blanketi la Mama la maua, sahani ya wali ikipoa mapajani. Daktari alimpima kila kitu na kusema mwili hauna neno. Jioni moja nikamsikia Baba akimwambia Mama kwamba hali ikiendelea hivi hadi mwisho wa mwezi atamrudisha nyumbani, pengine hewa ya kwao itamfufua. Mama akauliza, "Nyumbani kwa nani? Mama yako hayupo, nyumba amepangishwa mtu. Atafika akae na nani?" Baba akavaa koti lake la kazi, akashuka ngazi. Alikuwa mtu wa majibu, Baba, hata yale yasiyo sahihi, kwa hiyo kuondoka kule kulinitisha kuliko maneno ya daktari.

Aliyetutoa hapo ni Bi Doreen, jirani yetu wa nyumba ya pili, mjane wa Kiingereza mwenye sauti ya kuitia teksi. Alikuwa amemwona Babu dirishani, akamuuliza Baba habari zake, na Baba akamwambia, kama anayejitetea, kwamba mzee huyo aliwahi kupigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Bi Doreen akapiga makofi. Marehemu mumewe alikuwa mwanachama wa klabu ya wanajeshi wastaafu mtaa wa pili, naye mwenyewe bado huenda kila Jumamosi kunywa, kula, kucheza bingo na kumsikiliza mwimbaji. Na kule, alisema, yuko mzee mmoja, Stanley, ambaye alikuwa Burma pamoja na Waafrika na huwa anajisifu kwamba anajua Kiswahili. Mleteni Jumamosi! Baba alikuna kichwa siku mbili nzima. Atampelekaje baba yake mzazi baa? Mwishowe akamweleza Babu mwenyewe, akitarajia kukemewa. Babu akafikiri, akauliza, "Huko pana joto?" Akaambiwa lipo la kutosha. "Basi twende," akasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kwake kwa mwezi huo.

Mama aliposikia kwamba tumealikwa, aliuchukulia mwaliko kama unavyochukuliwa kwetu. Kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu, kwa hiyo aliamka alfajiri akakaanga sambusa za nyama ya ng'ombe hadi nyumba nzima ikanuka bizari, akazipanga kwenye sinia kubwa la shughuli na kulifunika kwa kitambaa cheupe. Tukaandamana sote watano, Mama mbele na sinia lake utafikiri tunapeleka posa. Mlangoni, bwana aliyekuwa akiandika wageni alitazama sinia, akatutazama sisi, akaonyesha tangazo ukutani: chakula cha nje hakiruhusiwi. Mama akadhani hajaeleweka. Akamweleza kwamba si cha kuuza, ni cha kwao. Yule bwana akasema kanuni ni kanuni. Nyuma yetu foleni ilikuwa inarefuka, Baba keshaanza kugeuka, akimwambia Babu kwa upole kwamba pengine siku nyingine, na mimi nikatamani sakafu inimeze pamoja na zile sambusa. Ndipo Bi Doreen alipotokea, akaondoa kitambaa, akachukua sambusa moja na kumtia mwandikaji mkononi. Yule bwana akatafuna. Akaandika majina yetu bila neno jingine.

Tuliketishwa karibu na jukwaa dogo, ambapo mwanamume mwenye koti la kumetameta alikuwa akijaribu kipaza sauti. Baba alituletea soda ya tangawizi. Wazee walikuwa wamejaa, medali vifuani, bilauri mbele yao, nao walimwangalia Babu na kofia yake kama watu wanaongoja waambiwe ni nani. Ndipo mzee mmoja mrefu, mwekundu usoni, akaja kwetu akiegemea fimbo. Akasimama mbele ya Babu na kupaza sauti, ukumbi mzima ukisikia:

"Wewe! Simama! Kuja hapa upesi! Jina yako nani?"

Sikuwa nimewahi kusikia mtu akisema na Babu hivyo. Hata Baba, mwanawe wa kwanza, hakuthubutu kupita mbele yake bila kuinama. Mama aliweka mkono mdomoni. Baba akasukuma kiti nyuma, na nilimjua vya kutosha kufahamu kwamba hakunyanyuka ili kusalimia. Lakini Babu alimshika mkono akamkalisha. Akaweka soda yake chini taratibu, akainuka, akanyoosha mgongo ambao kwa miezi sikujua kama bado unanyooka, akagonganisha visigino. Halafu kifuani mwake ikatoka sauti ambayo sikuijua kabisa.

"Sharapu! Sitidauni! Bladifuli!"

Stanley akakaa. Alikaa kweli, kwenye kiti kilichokuwa karibu, mdomo wazi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona Babu naye anatikisika, na wazee wale wawili wakacheka mpaka Stanley akavua miwani afute macho na Babu akalazimika kushika meza. Baadaye Baba alipowatafsiria mambo yakaeleweka. Stanley alikuwa kijana wa kuendesha malori, na Kiswahili chote alichowahi kufundishwa jeshini kilikuwa cha kuamrisha. Babu naye, Kiingereza chote alichotoka nacho vitani kilikuwa kile alichoamrishwa na kutukanwa nacho. Hakuna kati yao aliyejua kusema "hujambo" kwa lugha ya mwenzake. Hawakuwahi kukutana kule, lakini matope yalikuwa yale yale, na ruba, na mvua isiyokatika. Kaka yangu na mimi tuliingia zamu ya kutafsiri Baba alipochoka, na kwa mara ya kwanza maishani Kiswahili kilinitoka mdomoni, kibovu, lakini kilitoka. Bingo ilichezwa bila sisi. Sambusa ziliisha kabla mwimbaji hajamaliza wimbo wa pili, na Babu alikula nne.

Tukiwa njiani kurudi, Baba, bado na hasira kidogo, alimuuliza kama hakuudhika mbele ya watu wote wale.

"Niudhike nini?" Babu akasema. "Ujana wangu wote nilitamani kumwambia mzungu mmoja anyamaze, akae chini. Leo nimemwambia, na amekaa!" Akanigeukia mimi. "Mchumba, ulimwona alivyokaa?"

Nilimwona, nikamwambia, na nikaanza kulia, na Mama akadhani ni baridi. Habari ya kurudishwa Tabora haikutajwa tena. Babu alienda klabuni kila Jumamosi kwa miaka iliyobaki ya maisha yake, na wiki nzima katikati alisimulia: yaliyotokea, yatakayotokea, na ambayo Stanley alidanganya. Tulimzika Waislamu na Wakristo pamoja, Stanley akiwa kwenye kiti cha magurudumu.

Klabu ile sasa imegeuzwa fleti za bei isiyosemeka, na mwandikaji wa mlangoni ni mashine ya kubonyeza namba. Baba ameshafikia umri wa Babu na anaishi kwangu. Huyu hakosi watu wa kuongea nao. Ana simu, na kwenye simu ana makundi yasiyohesabika ya Tabora nzima, anapokea ujumbe wa sauti na kujibu kwa kelele kana kwamba anataka wamsikie bila mtambo. Wanangu wanafunga mlango na kulalamika kwa Kiingereza kwamba hawawezi kusoma, nimwambie apunguze. Sijawahi kumwambia. Nikirudi kazini nikaisikia sauti yake tangu kwenye ngazi, husimama pale pale na mifuko yangu, nikasikiliza kidogo, ndipo nikaingia.