Buti za Manong Abluyen

Hapa Baguio, mji wetu wa milimani Ufilipino, mtu akitaka kujua leo bendi inapiga wapi, hahangaiki na mabango. Humuuliza Manang Tekla, fundi viatu wa ngazi za soko; kwetu manang ni dada mkubwa, na manong ni kaka. Waimbaji wetu wa kantri, ule muziki wa magitaa wa Kimarekani, hawapandi jukwaani bila buti, na buti zote za mji hupita mikononi mwake. Aliyechukua zake asubuhi ndiye anayeimba jioni. Nimeuza karanga kando yake miaka ishirini na mitatu, sijaona akikosea. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga baa hata moja. "Nikienda, nani atashona?" alizoea kusema, nami humjibu kuwa ni mwoga tu.

Mwaka jana buti za Manong Abluyen, mwimbaji wa siku nyingi, zilikaa rafuni wiki tano. Ukutani Manang ameandika kwamba kiatu kikipita mwezi kitauzwa, na huwa hana huruma. Kijana mmoja kutoka Manila akazijaribu, zikamkaa.

"Vua," Manang Tekla akamwambia.

"Lakini Manang, si umeandika mwenyewe..."

"Nimeandika mimi, nafuta mimi. Vua!"

Alasiri hiyo akazitia kwenye mfuko, akafunga kibanda, akaenda kumtafuta mwenye buti. Nilimfuata na karanga zangu. Uongo wa nini, nilitaka kuona. Baa ya kwanza imekuwa duka la simu. Ya pili ina mashine ya karaoke, wateja wanajiimbia wenyewe. Ya tatu nayo ina mashine, ila nyuma ya kaunta mzee mwenye kandambili alikuwa anaosha glasi. Ndiye Abluyen.

"Zitupe, Manang," alisema bila kuinua macho. "Sauti imekwisha. Mwenye baa kanihurumia, kanipa sinki."

"Nimezipiga rangi mara tano, nizitupe? Hebu vaa, uniambie zinabana wapi."

Akavaa, kwa shingo upande. Hazikubana popote. Manang akachomoa tishu kwenye kaunta, akaandika kitu, akamsukumia. Kwetu wimbo ukishaombwa kwenye tishu, mwimbaji hakatai hata akiwa na homa, na ni lazima asome kwa sauti nani anamtumia nani. Abluyen aliifuta mikono yake polepole mno.

"Wimbo wowote," akasoma. "Kutoka kwa Tekla." Akaisogeza tishu kwenye taa. "Kwenda kwa Tekla."

Mwenye baa akazima mashine, akashusha gitaa ukutani. Sauti ya Abluyen kweli ilikuwa imekwisha. Ilikwaruza, ikakatika mara mbili, akaendelea vivyo hivyo hadi mwisho. Manang Tekla alilia waziwazi. Na mimi nililia, sioni haya kusema.

Kesho yake mgeni mmoja akasimama kibandani na swali lile lile: leo muziki uko wapi? Manang Tekla akaitazama rafu, pale palipokuwa na buti, akaanza kukusanya nyundo zake.

"Ngoja nifunge," akamwambia. "Twende wote."