Spika Itabeba au Zitabeba?

Leo fundi wa redio za magari hapa Free Area amenishinda kwa sarufi.

Binti yangu alininunulia spika mbili za gari. Kila moja inastahimili wati sitini. Niliporudi kwa fundi niliyemwachia azifunge, nilikuta amefunga amplifaya inayotoa wati mia mbili kwa kila spika.

Nikashuku, maana karakana nzima ilikuwa kimya, bila muziki wowote.

"Wati hizo si nyingi mno?"

"Usijali, mzee. Spika itabeba."

"Spika zitabeba," nikamsahihisha. "Ziko mbili."

Akakuna kichwa.

"Ni itabeba tu, mzee. Imebaki moja."

Sasa nishaurini, marafiki. Binti yangu anakuja Jumapili kuzisikiliza.

Samahani. Kuisikiliza.