Siku Daktari Alipokuja Kupiga Makofi

Hasira ya Shangazi Jumamosi ile ilianzia kwenye kiti. Katika sherehe ya kuwatunuku, yeye na mumewe waliwekwa jukwaani kwenye viti viwili vyekundu vya mito, virefu hata miguu yake haikugusa sakafu, wakaambiwa watulie hapo mpaka mgeni rasmi afike. Mgeni alitarajiwa saa sita. Saa nane ilipogonga walikuwa wangali pale kama bidhaa za dirishani, na Shangazi alikuwa ameahidi kuwa mahali pengine saa tisa.

Jina la Shangazi alipewa na walinzi wa hospitali. Kwa miaka thelathini na nane yeye na mumewe, mwinjilisti wa kanisa, waliwaangalia wagonjwa wasio na mtu. Waliwaogesha, waliwalisha, waliwaombea, na ikibidi waliwazika. Langoni palikuwa na daftari la wageni, na kanuni ilikuwa kwamba asiye ndugu haingii nje ya saa za kuona wagonjwa. Basi mama huyu, asiyejua kudanganya hata kwa mzaha, uongo wake wote aliumalizia kwenye daftari lile. Leo dada, kesho binamu, keshokutwa mama mkwe. Siku moja, kwa haraka, alijiandika kuwa baba wa mtu. Walinzi walicheka mpaka machozi yakawatoka, wakaamua kumwita Shangazi ili mambo yaishe.

Safari hii alikuwa dada wa mfua nguo mmoja wa makamo, kitanda namba tisa, aliyeletwa na kidonda kilichoozesha vidole viwili vya mguu. Daktari wa upasuaji alisema wazi kwamba vikikatwa Jumamosi hiyo saa tisa mguu utapona, ila sumu haingoji mtu. Mgonjwa hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jana yake jioni, hata maji, na hofu yake ilikuwa moja tu. "Wakiniingiza nikuone mlangoni," alimwambia Shangazi asubuhi. "Sina mwingine." Shangazi akampa neno lake.

Aliyemtia mtegoni ni Mwinjilisti. Alimhakikishia kuwa shughuli ni ya saa moja tu, salamu mbili tatu na kwaheri. Alikuwa mume mwema, hilo hakuna wa kulikana, lakini sifa zilimlewesha upesi kuliko pombe ambayo hakuwahi kuionja. Aliketi na tai mpya, akiitikia kila pongezi kwa kichwa. Kila Shangazi alipomnong'oneza habari ya saa, alimpapasa mkono na kumwambia subira huvuta heri. Shangazi alitamani kumfinya.

Mgeni rasmi alifika saa tisa kasoro robo, akaomba radhi kwa kirefu, jambo lililokula dakika nyingine kumi. Nyuma ya msafara wake Shangazi aliwaona mganga mkuu wa hospitali, muuguzi mkuu, na wa tatu, ndani ya suti, daktari wa upasuaji. Wakaketi safu ya tatu. Shangazi aliitazama saa ya ukutani, akamtazama daktari, akaitazama tena saa. Watu wa kumtibu mfua nguo walikuwa wametolewa hospitalini waje kumpigia yeye makofi kwa kuwahudumia wagonjwa.

Mshereheshaji akasoma wasifu wao, kurasa sita. Alisema Mungu hakuwajalia watoto, na kina mama wakasikitika kwa sauti. Alisema wao ni nguzo, ni kioo, ni mfano wa kuigwa. Shangazi hakusikia nusu yake. Alikuwa amemkodolea macho daktari, naye daktari, kila macho yao yalipokutana, alitabasamu na kuongeza makofi.

Saa kumi na dakika tano ngao ya mbao iliwekwa mapajani pa Mwinjilisti, na Shangazi akapewa kipaza sauti. Alikuwa ameandikiwa shukrani za kusoma. Akaikunja ile karatasi.

"Daktari," alisema akimnyooshea kidole, "ndugu yangu wa kitanda namba tisa hajala tangu jana. Ulisema unampasua saa tisa. Sasa ni saa kumi. Unafanya nini hapa?"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mgeni rasmi alisimama, akajifuta jicho, akawaambia watu wajionee wenyewe, hata siku ya heshima yake mama anawaza wagonjwa. Wakapiga tena, sasa wote wamesimama. Mpiga picha akamwomba arudie kunyoosha kidole. Shangazi alitaka kulia kwa hasira, maana kila alilotamka liligeuka sifa; hata angetukana, wangesema ni unyenyekevu. Aliacha kipaza sauti kitini, akashuka, akamshika daktari kiwiko na kutoka naye. Makofi yaliwasindikiza mpaka mlangoni.

Garini daktari alieleza kwamba wakubwa walimwagiza aje, viti visionekane vitupu kwenye picha za gazeti. Alidhani atawahi kurudi. Alisema hayo kwa aibu ya kweli, na hilo ndilo lililomkera Shangazi zaidi, kukosa hata mtu mbaya wa kumgombeza.

Walichelewa. Mtaalamu wa dawa ya usingizi alikuwa ameshamaliza zamu na kusafiri, na chumba cha upasuaji kilikuwa kimefungwa mpaka Jumatatu. Daktari alipiga simu nne bila mafanikio. Akarudi, akafunua shuka, akaubonyeza mguu hapa na pale, kisha akamvuta Shangazi pembeni. Kufika Jumatatu, alisema, havitakuwa vidole tena. Atakatia juu ya kifundo.

Mfua nguo alikuwa na kikombe cha chai mkononi. "Niliwaambia wangoje, ndugu yangu anakuja," alisema. "Wakasema mna sherehe. Ilifana?"

Shangazi aliketi kitandani, akamshika mkono na kumweleza yote, habari ya mguu nayo. Mfua nguo alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini.

"Jumatatu utakuwepo?" aliuliza.

Kabla Shangazi hajajibu, Mwinjilisti aliingia akihema, ngao kwapani, tai imelegea. Alikuwa na habari. Mgeni rasmi amewaalika ofisini kwake Jumatatu asubuhi, wao na madaktari wote, kwa chai na picha nyingine.

"Nenda wewe," Shangazi alisema, bila kuuachia mkono wa mgonjwa. "Na chai yangu uinywe. Ila daktari mtuachie."