Birika Lililovuja Katikati

Nakumbuka siku moja kule Getanuwas niliaibishwa na ng'ombe, mjukuu wangu, na aibu yenyewe nilistahili. Usicheke bado, ngoja nifike.

Nilikuwa fundi kijana kutoka Dongobesh, nikijua kumwaga zege kuliko nilivyojua kunyamaza. Nikampenda binti wa wafugaji, huyu bibi yako unayemwona anapepeta maharage. Baba yake hakutaka mkwe kutoka kwa wakulima wa milimani, ila alihitaji birika la kunyweshea ng'ombe. Akaniambia, "Nijengee birika. Likishika maji, tutazungumza habari ya binti. Lisiposhika, tutaendelea kusalimiana tu."

Siku ya kwanza nikamwaga zege mpaka nusu ya kuta. Simenti ilikuwepo, maji yalikuwepo, jua bado lilikuwepo, lakini nikasikia harufu ya mbuzi anachomwa. Kabla sijaenda nikaulainisha ukingo kwa mwiko ukawa kama sahani, ili mzee akipita aone kazi ya fundi. Nilijisifu mwenyewe, maana hakuwepo mwingine wa kunisifu.

Kesho yake ng'ombe walishapita na vumbi lao. Nikapangusa kwa kofia, nikamwaga zege jipya juu ya lile la jana, nikalimwagilia wiki nzima likomae.

Siku ya kujaza maji ukoo wote ulikuja. Maji yalipopita nusu, mstari ukajitokeza kuzunguka birika lote, pale pale nilipoachia kazi kwa sababu ya mbuzi. Yakatiririka. Ng'ombe mmoja mwekundu akaona hana haja ya kuinua shingo, akaanza kuramba ukuta kwa nje. Wenzake wakamfuata.

Mzee akalizunguka mara mbili. "Fundi, mimi niliomba birika moja. Wewe umenijengea mawili, umeyapandanisha." Kisha akanipa mkono wa kuagana. Nilitamani ardhi inimeze.

Nikiwa nafunga vifaa, akaja bibi yake binti, kikongwe ambaye hajawahi kushika simenti. Nikampa shikamoo. Hakuitikia. Akapitisha kucha kwenye ule mstari.

"Unajua tunavyokandika ukuta wa zamani?"

"Hapana, bibi."

"Tunaukwangua mpaka uwe na makovu. Tunaondoa vumbi, tunaulowesha, ndipo tunapaka udongo mpya na samadi. Ukipaka juu ya ukuta mkavu uliolainika, unakaa kwa heshima tu, mvua ikija unashuka wote." Akageuka kuondoka. "Marahaba."

Nikamwomba mzee nafasi nyingine. Kubomoa hakukunipa kazi hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma: zege la juu lilibanduka vipande vizima, na vumbi la ng'ombe lilikuwa bado limelala chini yake. Nikauchokoa ukingo kwa patasi mpaka kokoto zikaonekana. Nikaosha, nikalowesha, nikapaka uji wa simenti, nikamwaga zege kabla uji haujakauka. Siku hiyo pia walichoma mbuzi. Nikameza mate nikaendelea.

Birika likashika maji. Mzee akanisogezea kigoda, akasema, "Kaa tuzungumze."

Sasa, mwanangu, jana nimepita kwenye tangi lako. Umeishia katikati, na ukingo umeulainisha vizuri sana. Hiyo ni damu yangu, siwezi kukulaumu. Zege la jana ni zuri na la kesho litakuwa zuri, lakini maji yatatafuta pale mazege hayo mawili yanapokutana. Hata kokoto ukizimwaga na tope lake, simenti itashika tope, haitashika jiwe. Kwa hiyo zioshe. Ukingo ukwangue, usafishe, uloweshe, ndipo umwage. Usione aibu ukingo ukiwa na sura mbaya, maana ule ubaya ndio unaoshika.

Patasi mwombe bibi yako. Ni ile ile, hajawahi kukubali niigawe.

Mungu aibariki mikono yako, tangi lako lijae masika haya, na ng'ombe wa jirani wasipate cha kuramba.