Nilivyofuta Watu Elfu Tatu kwa Kubadilisha Nywila

Nilifuta watu elfu tatu na mia mbili kwa mstari mmoja wa amri, saa nne asubuhi, huku natafuna karanga.

Sikuwa nimelewa. Sikudukuliwa. Nilikuwa najiona fundi.

Ofisi yetu ilikuwa inaunganisha familia zilizotawanywa na mafuriko. Vituo arobaini na kimoja vya kulelea watoto vinajaza fomu kwenye simu, fomu zinaingia kwenye kanzidata yetu, ghala la taarifa zote, mfumo unalinganisha majina. Anayeutunza mfumo ni mimi peke yangu.

Asubuhi hiyo bosi akasimama mlangoni. "Nywila ya kanzidata imeonekana kwenye faili tulilowatumia watu wa nje. Ibadilishe sasa hivi."

"Dakika kumi tu, bosi."

Mfumo wetu unaishi kwenye makontena, yaani vifurushi vya programu. Kimoja kikikorofisha unakitupa, unawasha kingine papo hapo. Nikaandika nywila mpya kwenye faili la siri, nikatupa makontena ya zamani, nikawasha mapya.

Kanzidata ikagoma. Nywila si sahihi.

Nikarudia. Ikagoma tena.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba kanzidata ile husoma nywila ya kwenye faili siku inapoanzishwa tu. Baada ya hapo inabaki na ile ya zamani, imeihifadhi pamoja na data. Nilitakiwa niingie kwa nywila ya zamani, niibadilishe humo ndani. Kazi ya sekunde chache.

Mimi nikakimbilia mtandaoni. Jamaa mmoja kwenye jukwaa la mafundi ameandika: futa hifadhi, washa upya, itakubali. Nikafuta. Ikakubali kweli. Taa zote kijani, nikapiga mluzi.

Kwamba hifadhi hiyo ndiyo iliyokuwa na taarifa za watu wote, nilikuja kugundua pale dada wa mapokezi alipoita.

"Kaka, mbona orodha yangu ni tupu?"

Nikajipa moyo: si kuna nakala za akiba za kila siku?

Faili zilikuwepo, mia mbili na kitu. Nikafungua la jana. Tupu. La juzi, tupu.

Fundi aliyenitangulia, siku anaondoka, alibadilisha nywila akaniambia, "Mdogo wangu, kontena la nakala nalo linahitaji nywila mpya, usilisahau."

Nikamjibu, "Usijali, mkuu."

Miezi minane kontena hilo lilikuwa linabisha hodi na nywila iliyokufa, halafu linatunza hewa. Na mimi sikuwahi kufungua hata faili moja.

"Kaka," dada wa mapokezi akasema, sauti imeshuka, "kuna mama nimempigia asubuhi hii. Mwanawe amepatikana. Wa miaka minne, ana kovu la moto mkononi. Yuko njiani anakuja."

"Huyo mtoto yuko kituo gani?"

"Sikuandika. Si ilikuwa kwenye mfumo?"

Mama akafika amevaa nguo ya kutokea, mkononi ana mfuko wenye viatu vidogo vipya. Nikamwambia mtandao umekata. Ndiyo, nilimdanganya.

"Hakuna shida, mwanangu," akasema. "Nimesubiri miezi mitatu, nitashindwa saa moja?"

Saa kumi jioni nikamwambia ukweli. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu kama nina mtoto. Sina.

Tukapiga simu vituo vyote. Watoto walikuwa wanahamishwa, wahudumu wanapokezana zamu, wengine simu hawapokei. Siku ya tisa kituo kimoja kikajibu. Ndiyo, kovu la moto, mkono wa kushoto.

Nikaweka spika ili mama, aliyekuwa anakuja ofisini kila siku, asikie.

"Tuliwatumia taarifa, tukasubiri wiki nzima," mhudumu akasema. "Hakuna aliyekuja. Juzi akaja shangazi yake, tukamkabidhi."

Mama akaishika meza.

"Baba yake hana dada," akasema. "Amezaliwa peke yake."

Namba aliyoacha yule mwanamke haipatikani hadi leo.

Wewe unayetunza mifumo, nisikilize. Kila mahali nywila yako inapokaa, paandike. Ukiibadilisha, ibadilishe kote, halafu fungua nakala ya akiba uone kwa macho yako kuna nini ndani. Na kabla hujafuta kitu usichokielewa, uliza mtu.

Mimi niliogopa kwamba nikiuliza nitaonekana siijui kazi. Na kweli nilikuwa siijui.