Karata Tano za Mjomba

Mwezi uliopita nilirudi kijijini Ngulyati kufungasha vitu vya bibi. Matanga yalikuwa yameshaanuliwa, wanawe wakubwa wamekubaliana nyumba ya zamani iezuliwe bati zikajenge kwingine, na mimi, mjukuu niliyelelewa mle ndani, nikapewa kazi ya kupekua sanduku. Wanaume wa ukoo wetu wanawajua ng'ombe wao wote kwa rangi na kwa mama zao, lakini sanduku la mama yao hawajui linafunguka upande gani. Basi chini kabisa, chini ya kitenge ambacho hakijawahi kuvaliwa, nikakuta kopo la maziwa ya unga. Nililitikisa kabla ya kulifungua. Sauti ile niliijua, nikakaa sakafuni.

Ngoja nikusimulie taratibu, maana hii habari sijawahi kuisema yote kwa mtu.

Bibi yangu alikuwa anacheza poka. Najua unacheka, hata watu wa mjini wakinisikia wanadhani natunga. Mwanamke wa Kisukuma aliyelima pamba tangu akiwa binti, chakula chake michembe, viazi vilivyokaushwa, na maziwa ya mgando, anakaa kitako saa nane mchana anagawa karata. Alifundishwa na mwanawe wa mwisho, mjomba wangu, ambaye naye aliipata Maswa alipokuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alirudi na karata zenyewe, mgongoni zina maua mekundu, akamfundisha mama yake msimu mmoja. Kisha kikaja kiangazi kibaya, malisho yakaisha, akaswaga ng'ombe wa nyumbani kwenda kusini pamoja na vijana wenzake. Ng'ombe hatukuwaona tena, wala yeye. Nilikuwa na miaka minne. Sura yake siikumbuki, nakumbuka mluzi wake tu, akiita ndama.

Sasa, pale nyumbani tulikuwa na mwiko mmoja: mtu aliye safarini hatolewi. Ugali wake unapakuliwa kama wa wengine, kigoda chake kinabaki mahali pake, na watoto wa nyumba wakihesabiwa naye anahesabiwa. Ugali wa mjomba nilikuwa naula mimi baadaye, umeshapoa, na mlenda wake umeshashikana. Bibi aliupeleka mwiko ule hadi kwenye karata.

Tulicheza msimu wa kuvuna, kwenye chumba tulichojazia pamba kabla ya kuipeleka mizani. Asubuhi tunachuma mpaka vidole vinachubuka, jua likipanda tunaingia mle, joto la pamba na ile harufu yake ya vumbi na mafuta ya mbegu. Tulikuwa watatu: bibi, jirani yetu mjane aliyeingia kila siku na salamu yake ya “mwadila” hata kama tumeachana naye shambani nusu saa iliyopita, na mimi, nikiwa na miaka tisa. Wa nne alikuwa kigoda.

Bibi anagawa tano tano. Unatazama zako, unazificha, unaweka punje ya dengu katikati. Kisha unaweza kutupa hadi tatu usizozitaka upewe nyingine. Ukijiamini unaongeza punje, na wenzako waweke sawa na wewe au watupe karata watoke. Mwisho mnafunua. Pea moja ni kitu kidogo, pea mbili ni afadhali, tatu za aina moja ni bora zaidi. Tano zinazofuatana kwa hesabu tuliziita foleni, kama wakulima kwenye mizani, nazo zilizipiga zote hizo. Juu yake tano za ua moja, kopa tupu au shupaza tupu. Juu yake tena tatu na pea kwa pamoja, ambazo bibi aliziita kaya, kwa sababu wamo wakubwa na wadogo. Na ree, ile yenye alama moja, nilifundishwa kwamba ndiyo kubwa kuliko zote, inakaa mbele ya mfalme.

Jirani akichoka na kubadilisha, tulicheza ya wazi: karata saba, nne zimelala macho juu kila mtu anaziona, unachagua tano bora. Hiyo jirani aliipenda kwa sababu alikuwa mwongo wa uso. Anaweza kuwa hana kitu, akakutazama kwa huruma mpaka ukatupa pea yako mwenyewe.

Mjomba alicheza ya kubadilisha tu, na karata zake hazikubadilishwa. Mimi ndiye nilikaa karibu na kigoda chake. Kazi yangu ilikuwa kumwekea punje kutoka kwenye kopo lake la maziwa, wengine wakiongeza nami namwongezea, na mwisho kufunua alichopata. Kuzitazama kabla, hapana. Kumtoa, hapana kabisa. Alikuwa anashinda mara kwa mara, na siku hizo bibi alitembea kama amepokea barua. Dengu zetu jioni ziliishia chunguni. Za mjomba hazikupikwa.

Siku moja akapita mtu kutoka kusini, mwenyeji wa Zagayu, akasema kamwona kijana wa kwetu mnadani, amekonda lakini yu hai, anaulizia njia ya kurudi. Bibi hakuwa na uhakika kama ni yeye. Hakula mchana ule. Aliingia chumba cha pamba, akachanganya karata muda mrefu kuliko kawaida, akazigawa, kisha akasema, “Huu ndio wa kujua. Mwanangu akishinda huu, yuko njiani.”

Jirani alimwambia asifanye hivyo, si vizuri kumuuliza mtu namna hiyo. Bibi akaweka punje tano kwa mpigo.

Nikawa naogopa, ndugu yangu, sijawahi kuogopa vile. Bibi anabadilisha karata, jirani anabadilisha, mimi zangu nimeshazitupa. Nikamwekea mjomba punje tano zake. Bibi akaongeza tena. Nikainua pembe za karata za mjomba, nikachungulia. Niliona ree na takataka, vikarata vidogo vidogo vya maua mchanganyiko. Hana hata pea. Nikajisemea, akifunuliwa atashindwa, na bibi atajua haji. Lakini akitoka mwenyewe hajashindwa, mchezo utakuwa haujajibu. Kwa akili ya miaka tisa niliona nimemwokoa.

Nikazisukuma katikati. “Mjomba ametoka,” nikasema.

Jirani alishika mdomo. Alikuwa na pea ya tisa, bibi alikuwa na pea mbili, lakini hakugusa dengu. Aliziokota karata za mjomba, akazitazama, akazipanga, akazitazama tena. Kisha akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hakunipiga, na heri angenipiga. Alisema tu kwamba karata zimepungua, mchezo umekwisha. Hatukucheza tena. Mjomba hakurudi, na mtu wa Zagayu hakupita tena.

Ukubwani, mwenzangu wa kazini alinifundisha kwenye simu poka ya siku hizi, ya karata mbili mkononi na tano za wote katikati. Siku hiyo akaniambia jambo moja kama la kawaida: ree inaweza pia kukaa chini ya mbili ikahesabiwa moja, ikaanza foleni. Nilizima simu. Usiku na mchana nilijaribu kukumbuka vile vikarata vidogo vilikuwa vipi, nikajiambia lazima kulikuwa na saba, au nane, foleni isitimie. Nimejiambia hivyo miaka mingi.

Kwenye kopo lile la sandukuni, juu ya dengu, kulikuwa na karata arobaini na saba, na tano nyingine zimefungwa peke yake kwa uzi wa pamba. Nikafungua uzi. Ree, mbili, tatu, nne, tano. Bibi alikuwa amezipanga foleni.

Nilizipeleka kwa jirani, sasa haoni vizuri, akazipapasa tu akajua. Nikamuuliza kwa nini hawakuniambia.

“Alinikataza,” akasema. “Alisema ukijua utazibeba.”

Nikazichukua tena mikononi mwake. Nilikuwa nimezibeba bila kujua.

Siku hizi pamba haijazwi chumbani pale, bibi hayupo, na njia waliyopitia ng'ombe imelimwa. Kesho yake mafundi walikuwa waje kuezua. Nilirudi kwenye chumba kitupu, nikaweka kigoda mahali pake, nikafunua karata moja moja juu yake kama nilivyopaswa kufanya. Kopo nikalimimina pembeni. Dengu zilikuwa zimebunguliwa, nusu yake unga mtupu.

“Umeshinda, mjomba,” nikasema.

Nikabaki nimekaa, nikisubiri mtu aseme ni zamu ya nani kugawa.