Bunduki Iliyokatwa Kitako

Harufu iliyotoka kwenye kile kitako msumeno ulipokigusa haikuwa ya mbao mpya. Ilikuwa ya mafuta ya kitani yaliyozeeka, na jasho la viganja vya watu walioishika bunduki ile kabla sijazaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nimesimama katika karakana ya fundi seremala wa Kibaluchi nyuma ya soko la Matrah, Maskati, na baba alikuwa amenishika bega ili nisitikisike. Fundi alinikunja kiwiko, akaegemeza mwisho wa kitako kwenye kunjo la mkono wangu, akatazama kidole changu kinafika wapi. Hakikufika kwenye kifyatulio. Akalaza vidole vyake vitatu juu ya mti, akachora mstari kwa mkaa, kisha akamwambia baba kwa Kiarabu kwamba mti ukishakatwa haurefuki, na bunduki ile haitamfaa tena mtu mzima. “Kata,” baba akasema. Fundi alikata, akapiga tupa, akapiga msasa, akatoboa matundu mapya na kulirudisha bamba la chuma mahali pake kwa skrubu zile zile. Niliona fahari. Sikujiuliza kwa nini mtu aiharibu bunduki yake mwenyewe kwa ajili ya mtoto.

Ilikuwa bunduki ya marisau, yenye mitutu miwili. Babu aliiacha kwa jamaa zake alipovuka kwenda Unguja ujanani, na sisi tulipofika Maskati, mwaka wa pili baada ya Mapinduzi, ndiyo iliyokuwa mali yetu pekee iliyokuwa ikitungoja. Watu walisema tumerudi. Mimi sikuwa nimewahi kufika huko hata siku moja, na Kiarabu changu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Qur'ani, watoto wenzangu wakikicheka. Tulikaa Hamriya, ambayo siku hizo ilikuwa vibanda vya makuti, visima, na mawe yaliyohifadhi joto la mchana hadi alfajiri. Tulikuwa wanne: baba, mama, mimi, na dada yangu mdogo Zayana, aliyekuwa na miaka mitano. Mama alipanda mchicha na bamia kando ya kisima akafuga kuku, na mbweha walikuwa wakishuka mlimani kuwachukua. Kwa ajili ya mbweha, baba alisema, lazima nijifunze kuitumia.

Alinifundisha bondeni, asubuhi, kwa muda wa wiki mbili. Bunduki iliyokatwa kitako huwa nzito mbele; mitutu huinamia chini kama shingo ya punda aliyechoka, na mkono wa kushoto hutetemeka. Na mwenye kushika vibaya hupigwa puani na dole gumba lake mwenyewe. Nilitokwa na damu mara ya kwanza, baba akanifuta kwa ncha ya kilemba chake bila kucheka. Neno moja alilirudia kila siku: bunduki haielekezwi kwa mtu, hata ikiwa tupu. Jioni moja nilimwambia mama kwamba nimelipiga kopo mara tatu mfululizo. Alikuwa akikanda unga, na hakuinua uso. “Baba yako anakuachia nyumba, Salim,” akasema. “Anakwenda Kuweit kutafuta kazi. We hukuona?”

Sikuona. Kuondoka nchini bila ruhusa ya Sultani wakati ule hakukuwa jambo la kutangazwa, na wengi walikwenda kimya kimya. Baba aliondoka wiki iliyofuata baada ya sala ya asubuhi, na kifurushi kimoja. Aliniachia risasi sita ndani ya kopo la chai na kuniambia, “Wewe ndiye mlango wa nyumba hii.” Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nadhani hata baba, kwa mapenzi yake yote, hakujua uzito wa ule alionitwika. Tangu siku ile nilianza kulala vibaya. Kila mbwa aliyebweka nilidhani amekuja mtu. Nilimkaripia Zayana akienda kisimani, nilimkaripia mama akichelewa kwa jirani. Sikumwua mbweha hata mmoja.

Miezi minne ilipita bila barua. Ndipo akaja Ami Khalfan, kaka mkubwa wa baba, tuliyetoka naye Unguja katika jahazi moja. Kule alikuwa mwalimu wa chuo. Sasa alikuwa akiishi Samail kwa watu wa mkewe, na tulichojua juu yake ni kwamba mwanawe mmoja, Sefu, alikufa katika zile siku za Januari, na kwamba hataki kuulizwa. Alifika baada ya Alasiri akiwa na punda wawili. Alikunywa kahawa, kisha akamwambia mama kwamba amekuja kutuchukua.

“Mume wangu kaniambia nimngoje hapa, shemegi,” mama akajibu. “Nnamngoja.”

“Mwanamke na watoto peke yao, bondeni hapa? Watu washaanza kuuliza kama ndugu yangu hana jamaa.”

“Na waulize.”

Walivutana hivyo kwa muda mrefu. Mama hakuwa akishindwa. Nilimjua, alikuwa na namna ya kujibu kwa maneno machache hadi mwenzake akachoka. Lakini Ami alisimama, akalishika sanduku letu la nguo kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamshika Zayana, na Zayana akaanza kulia. Nikaingia ndani. Nilitia risasi mbili, nikatoka, nikaegemeza kitako begani kama nilivyofundishwa, nikamwelekezea ami yangu kifuani.

Ami alimwachia Zayana, akaliweka sanduku chini polepole. Nilitaraji aje anipige, na nadhani nilitaka anipige. Badala yake aliutazama uso wangu, kisha mitutu, kisha uso wangu tena. “Hata huku?” akasema. Akaketi kizingitini. Akamwambia mama, si mimi, kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine, “Aliyemtoa Sefu nyumbani kwa bunduki alikuwa mtoto kama huyu. Nilimsomesha mwenyewe. Alifika Sura ya Yasini.”

Mama alinijia kwa upande, akanibandua vidole kimoja kimoja maana mwenyewe sikuweza kuvifungua. Akaifungua bunduki, akatoa risasi, akaiweka chini miguuni pa Ami. Kisha akaingia ndani kukunja mikeka. Hapo ndipo nilipofahamu nilichofanya. Alikuwa akishinda kwa maneno yake, na mimi ndiye niliyemfanya ashindwe. Baada ya jambo lile asingeweza kusema kwamba nyumba ile ina mlinzi. Tuliondoka asubuhi, mama juu ya punda mmoja na Zayana, mimi nikitembea, na kwa siku tatu hadi Samail Ami hakunisemesha.

Barua ya baba ilitufikia huko, na mwenyewe akaja baada ya miaka miwili. Bunduki sikuiona tena. Nilipokuwa kijana, tayari nina kazi serikalini, nilikwenda Samail kumwomba Ami radhi. Alikuwa amelala, mgonjwa. “Nlikusamehe siku ile ile,” akaniambia. “Ila mwaka mzima nlikuwa nakuogopa, mwanangu. Ukiingia chumbani, nlikuwa nikitafuta mlango.”

Maji yakimwagika hayazoleki. Leo nakaa Al Khoudh, pembeni mwa Maskati, na Hamriya ninayopita garini ni maduka mfululizo. Kisima chetu kilikuwa wapi, siwezi kukuonyesha. Vijana wetu huniuliza maisha ya zamani yalikuwaje, nami huwaeleza habari za taa za mafuta na safari za punda, kwa kuwa ndizo wanazozitaka. Mjukuu wangu ametimiza miaka kumi na miwili. Hurudi kutoka shule akibamiza mlango, akatupa mkoba, akauliza kuna nini cha kula, na waliomo ndani huendelea na mazungumzo yao bila hata kugeuka. Namtazama anavyopita katikati yao. Katika yote tuliyopewa baada ya miaka ile, barabara na taa na hospitali, naliona hili kuwa kubwa zaidi: mtoto wa umri ule anaingia nyumbani, na hakuna mtu mzima anayemwogopa.